Kulabu Mbili za Sebuleni

Belém, 6 Mei 1979

Mwanangu Oneide,

Mungu akubariki. Natanguliza baraka kwa sababu najua utaiomba, kama unavyoiomba katika kila barua, na mimi sina subira ya kungoja posta. Ila ujue kwamba baraka ya barua ni nusu. Nusu nyingine iko hapa mkononi mwangu, na mkono huu hujaubusu tangu ulipopanda boti kwenda Manaus, mwaka wa tisa huu.

Sisi hatujambo. Mvua bado inakuja kila alasiri, na bado watu wa mji huu wanashangaa kulowa. Dona Zulmira jirani alipanda kigoda kibovu kuanua nguo, ingawa nilimkataza, na sasa mguu wake uko ndani ya plasta. Nilikwenda kumwona nikamwambia, “Nilikwambia.” Akalia, lakini nadhani ni kwa maumivu. Paa la jikoni limezibwa. Amelipanda Seu Firmino, yule mjane anayeuza matunda ya asai pale kona, na hakutaka hata ahsante.

Sasa jambo lenyewe. Oktoba ni sikukuu ya Círio, na kama kila mwaka nakuita. Mji mzima utatembea nyuma ya Bikira wetu, kisha kila nyumba itakaa mezani na watu wake. Kisamvu changu kitachemka wiki nzima na nyama ya nguruwe, bata ataingia kwenye mchuzi wa muhogo, na kiti chako kitakuwa na mto juu yake kama mwaka jana na mwaka juzi. Kulabu zako mbili za sebuleni bado zipo. Hakuna anayetundika bembea yake ya kulalia pale. Binamu yako Lourival alijaribu, akalala jikoni na kuku.

Kutoka Manaus kuja huku mto wenyewe unakusukuma. Magogo yanafika hapa kila siku bila kuomba likizo. Nakutamani, Oneide. Nimesema, yamekwisha.

Msalimie Adelmo wako. Mwambie sijalisahau jina lake, ingawa nimejaribu.

Mama yako,
Deusarina

*

Manaus, 11 Juni 1979

Mama,

Naomba baraka yako, hata hiyo nusu.

Mimi mzima. Maji yamepanda mpaka chini ya sakafu na tunatembea juu ya mbao kama Dona Zulmira juu ya kigoda chake kabla hajavunjika mguu. Mpe pole, na mwambie mimi niko upande wake. Kiwandani bado naunganisha nyaya za redio, nyembamba kama nywele, na msimamizi wetu bado anatembea nyuma yetu akikohoa ili tujue yuko. Likizo ni shida. Huyu bwana ukitamka neno Oktoba anageuka kiziwi.

Kuhusu Círio, tutaona. Usianze kushona mto mpya.

Adelmo anakusalimu sana. Ana kazi nyingi, ndiyo maana haandiki.

Lakini Mama, tuzungumze habari ya paa. Nimesoma ile sentensi mara kadhaa, nikamsomea hata jirani yangu Dona Perpétua, akaweka chungu chini ili asikie vizuri. Muuza asai wa miaka yote, mwenye goti bovu, amepanda paa la mjane mwenzake na hakutaka ahsante? Mimi nakwambia mapema, na uiweke barua hii mahali pazuri: huyo bwana atakuoa.

Binti yako,
Oneide

*

Belém, 15 Julai 1979

Oneide,

Mungu akubariki, na akufunge mdomo kidogo.

Mimi nina miaka sitini na minne. Nina cherehani, kuku, na kiti changu kanisani, na hakuna nilichopungukiwa. Seu Firmino ni mtu mzima mwenye adabu anayeniletea asai asubuhi kwa sababu nyumba yangu iko njiani kwake. Dona Zulmira anasema haiko njiani. Dona Zulmira ana mguu mmoja na ndimi mbili, usimsikilize.

Umeniandikia “tutaona.” Nimelijua hilo neno tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unalisema nikikwambia ukaoge. Nadhani umesahau namna ya kusafiri, basi nakukumbusha. Fika bandarini asubuhi hata kama boti inaondoka jioni, maana anayechelewa kutundika bembea anatundikwa juu ya injini. Usilale karibu na choo, upepo unageuka. Usilale chini ya taa, wadudu hawana heshima. Tafuta mwanamke mwenye watoto wengi, lala karibu naye. Atakuwa na chakula, na wezi hawapiti penye kelele. Chukua unga wako wa muhogo, wa boti una mchanga. Na bembea yako ibebe wewe mwenyewe, usimpe mtu. Ukiwa na bembea yako popote ni kwako.

Wako wanaokuja kwa ndege siku hizi. Binti wa daktari alikuja kwa ndege. Chombo gani hicho, huwezi kutundika kitu, unakaa wima kama uko mahakamani, na unafika kabla hata hujaanza kumkumbuka unayemwendea.

Swali moja. Katika barua zako Adelmo anasalimu, Adelmo ana kazi, Adelmo amechoka. Hajawahi kula, hajawahi kukuudhi, hajawahi kununua hata samaki mbovu. Anakula nini huyo mtu?

Mama yako

*

Manaus, 20 Agosti 1979

Mama,

Naomba baraka yako.

Joto limeanza. Maji yameshuka na kuacha matope, na matope yameacha harufu yake. Dona Perpétua anakusalimu na anauliza kama harusi ni kabla au baada ya Krismasi.

Adelmo anakula samaki, wali na maharage, kama watu wote. Ameniudhi jana. Umeridhika?

Mwaka huu sitaweza kuja, Mama. Nimeomba likizo na bado msimamizi hajanijibu, na hata akinijibu kuna mambo hapa siwezi kuyaacha. Usiniulize ni yapi. Mpe Lourival kile kiti. Hata kulabu mpe, nimemsamehe.

Ukienda kwenye maandamano usijiingize kati ya watu wanaovuta kamba ya gari la Bikira, mwaka juzi ulirudi na kiatu kimoja. Nilikwambia. Unaona, hata mimi najua kulisema.

Oneide

*

Belém, 12 Septemba 1979

Mwanangu,

Mungu akubariki.

Nimepata barua yako. Sawa. Kama huwezi, huwezi. Kazi ni kazi.

Kuku wazima. Mimi mzima. Usihangaike kujibu, posta inachelewa sana siku hizi.

Mama

*

Belém, 1 Oktoba 1979

Mama,

Naomba baraka yako. Na uko wapi, Mama?

Barua yako ya Septemba ndiyo iliyonitoa Manaus. “Sawa. Kama huwezi, huwezi.” Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia sawa. Nikamwonyesha Dona Perpétua, naye akasema mama anayekubali haraka hivyo ni mgonjwa. Sikulala. Asubuhi nikasimama mbele ya msimamizi nikalia mpaka akaacha kukohoa, akanipa likizo. Nikafunga bembea yangu, nikapanda boti, nikalala karibu na mwanamke mwenye watoto sita, mbali na choo, mbali na taa. Njia nzima nilijiandaa. Nilikuwa nimepanga hata uso nitakaokuja nao.

Nimefika leo asubuhi. Nimegonga mlango, na aliyenifungulia ni Seu Firmino, amevaa fulana ya ndani, ana chujio la kahawa mkononi. Tukatazamana. Mimi nikauliza, “Mama anaumwa?”

“Mama yako ameenda kwako,” akasema. “Alisema miaka tisa amekungoja vya kutosha, anakwenda kukuvuta sikio mpaka hapa kabla ya Círio.”

Nikakaa juu ya sanduku langu nikacheka mpaka yule mzee akaogopa. Mtu wa Belém anayeondoka Belém wiki za kuelekea Círio sijawahi kumsikia. Ningewezaje kukisia? Nusu ya nchi inakuja huku na wewe unapanda mto.

Kisha nikainua macho. Mama, kuna bembea kwenye kulabu zangu. Ya rangi ya buluu, imelegea katikati kwa mtu mzito. Seu Firmino akaanza kuifungua haraka haraka, akisema yeye analinda nyumba tu, ni kwa sababu ya kuku. Nikamwambia aiache. Lakini kikombe cha kunyolea kilicho dirishani si cha kulinda kuku. Wala zile kandambili zilizokanyagwa mpaka zikachukua sura ya miguu yake.

Nilitaka kukuandikia mzaha tu, lakini najua uko wapi sasa hivi na unatazama nini. Uko chumbani kwangu. Basi nitalisema mimi kabla Dona Perpétua hajalisema. Adelmo hayupo. Alikwenda Porto Velho kutafuta dhahabu, mwaka wa tatu huu, na dhahabu aliyoipata ina jina na watoto wawili. Salamu zake zote nilikuwa nazitunga mwenyewe, jikoni, nikifikiria mtu mwenye adabu angesemaje.

Wewe ulinishika mkono pale bandarini mbele ya watu, ukasema ataniacha. Nikapanda boti bila kukubusu mkono. Nitarudije hapo hapo, nishuke kwenye mbao zile zile, halafu nikusikie ukilisema lile neno lako? Unalisema hata kwa kigoda cha Dona Zulmira. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine. Nilikutamani kila Oktoba.

Usiondoke Manaus. Nitapanda boti ya kwanza, ingawa hapa wananiambia ni wiki ijayo, kwa kuwa sasa zote zinakuja na hakuna inayotoka.

Oneide

*

Manaus, 2 Oktoba 1979

Oneide mwanangu,

Mungu akubariki popote ulipo, na nasikia uko kwangu.

Nimefika jana jioni, nimekuta mlango umefungwa. Dona Perpétua akatoka na kijiko mkononi, nikamwambia mimi ni mama yake Oneide, akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Akasema umekwenda Belém kwa sababu mimi ni mgonjwa sana. Mimi, niliyepanda boti na begi la unga kichwani. Ile barua nilikuandikia kwa ufupi ili usishtuke nikija, maana nikiandika sana mdomo wangu hautunzi siri. Kumbe ufupi ndio uliokushtua. Siku nyingine nitakutukana, ujue niko salama.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Tulipokuwa karibu na Óbidos, mchana, boti yetu ikiwa imejibana ukingoni kama zifanyavyo zote zinazopanda, ilipita nyingine katikati ya mto, inashuka kwa mbio. Nilikuwa ukingoni mwa sitaha nakausha taulo langu la kijani. Nikalipunga. Sijui kwa nini, sikuwa nimepungia boti nyingine yoyote. Kule kuna mtu mmoja alinipungia, mwanamke, alisimama mpaka wakapotea. Hukuwa wewe?

Dona Perpétua amenipa ufunguo wako. Nimeingia. Chumba chako ni kisafi, nimefurahi. Nimeona bembea moja. Nimeona kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja. Ukutani nimeona zilipokuwa kulabu nyingine mbili, matundu yamezibwa kwa sabuni na sabuni yenyewe imekauka zamani. Dona Perpétua akafungua mdomo kunieleza, nikamwomba maji ya kunywa. Alipoleta maji akaufungua tena, nikamwomba sukari.

Nimelala kwenye bembea yako. Ina harufu yako ile ile ya udogoni, na nimelia, ndiyo, nimelia sana, mtu mzima mimi. Zile salamu ulizokuwa ukiniletea zilikuwa salamu nzuri. Nilijua muda mrefu kwamba si zake. Yule bwana hakuwa na adabu ya kiasi hicho.

Sitasema kitu kingine juu ya hilo. Si leo, si nikikuona, wala si nikikasirika.

Sasa nakuomba, kwa jina la Bikira wa Nazaré, usipande boti. Kaa hapo. Walishe kuku. Ukikuta Seu Firmino anakuja kuwalisha, usimuulize maswali, ni mtu wa haya.

Mama yako

*

Manaus, 9 Oktoba 1979

Oneide,

Mungu akubariki.

Barua yako imefika, na yangu bila shaka unayo. Wewe unaniambia nisitoke, mimi nakuambia usitoke. Tukiendelea hivi tutapishana pale Óbidos tukipungiana mpaka tuzeeke. Mmoja lazima afike kwanza, na Círio ni Jumapili.

Kwa hiyo nakuja kwa ndege.

Usicheke. Nimekwenda mwenyewe ofisini kwao nikamuuliza yule binti bembea inatundikwa wapi. Aliniita bibi akaniambia kuna kiti. Nimemwambia nitakuja nayo hata hivyo, ndege ni chombo, na chombo kinaweza kukwama.

Yule binti atakutumia telegramu ya siku nitakayofika, lakini barua hii nitaitia posta asubuhi na nitafika kabla yake. Isome hivyo hivyo, tukiwa tumekaa pamoja, ili ujue kwamba niliogopa. Naogopa sana, mwanangu. Lakini naogopa zaidi ukirudi huku bila kuniona.

Kuhusu bembea ya buluu, ni ya kulinda kuku.

Mama

*

Manaus, 18 Novemba 1979

Mama,

Naomba baraka yako. Na safari hii naiomba nikijua ina ladha gani ikiwa nzima.

Nimefika salama, boti ilijibana ukingoni njia nzima, na kila iliyopita katikati niliipungia. Nilipata nafasi mbali na injini. Mwanamke wa pembeni yangu alikuwa na watoto wanne tu, lakini walipiga kelele za wanane, nikalala bila wasiwasi. Dona Perpétua mzima. Amenisimulia jinsi ulivyomwomba maji mara tano ili asiseme, na ananiuliza kama una ugonjwa wa sukari.

Nimewasimulia watu kiwandani ulivyoshuka kwenye ndege, bembea begani, unga chini ya kwapa, umeshika ngazi kwa mikono yote miwili huku abiria wote wamesimama nyuma yako wakingoja. Msimamizi amecheka mpaka amekohoa kweli. Sikuwasimulia kilichofuata. Kwamba nilikuwa nimesimama pale nikikungojea, nimekaza mabega, nikijua sasa litatoka. Ulikuwa na haki ya kulisema, Mama. Ulisema ataniacha na aliniacha. Ulinyoosha mkono nikaubusu, ukasema, “Mungu akubariki, umekonda, twende nyumbani.” Nikangoja njiani. Nikangoja mezani. Nikangoja hata ulipomkaripia Lourival kuhusu viatu na neno likafika mdomoni, ukaangalia upande wangu, ukalimeza pamoja na kisamvu. Siku zote zile hukulitamka hata kwa paka. Najua lilivyokuuma, maana najua unavyolipenda. Ahsante, Mama.

Nilipofungua chumba changu hapa niliona ulichonificha. Matundu ya ukutani yamezibuliwa na kuna kulabu mbili mpya, nene, za kubeba mtu mzima na maneno yake. Dona Perpétua amesema ulimsimamia mumewe akizipigilia, na ukaacha amri kwamba hakuna mtu atundike kitu pale mpaka uje mwenyewe. Hakuna atakayetundika. Mpwa wa Dona Perpétua ameomba, nimempeleka jikoni.

Zangu za huko mwachie Seu Firmino. Goti lake haliwezi kusogea kila Oktoba. Mimi nitalala chumbani kwako mpaka mtakapofunga ndoa, na baada ya hapo nitatafuta kona. Januari nitakuwa hapo kwa harusi, msimamizi ameshapewa habari, na akijifanya kiziwi nitalia tena.

Maana Mama, mimi bado nakuona pale mezani siku ya Círio, umeshika kijiko, macho umeyaelekeza kwenye bata, unatangaza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki kwamba wewe na Seu Firmino mmezungumza na padre. Dona Zulmira akaangusha mkongojo. Seu Firmino akawa mwekundu mpaka masikioni. Nawe ukageuka kunitazama mimi, ukangoja, na mimi nikainama nikala wali wangu kimya, kwa heshima ya yote uliyonyamazia.

Lakini sasa tuko mbali, mto wote uko kati yetu na mkono wako haufiki sikioni mwangu. Itafute barua yangu ya Juni, ile niliyokuomba uiweke mahali pazuri. Isome pole pole, mstari wa mwisho.

Nilikwambia.

Binti yako anayekupenda,
Oneide